Nilidhani Amelala

Kikombe cha tatu kilikataa kumwagika.

Kibao kina vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu ya ng'ombe. Daktari wa mifugo alikuwa amekamulia maziwa kidogo katika kila kimoja, akaongeza kiasi kilekile cha dawa ya zambarau, akaanza kukizungusha taratibu mkononi. Vikombe vitatu vilibaki majimaji. Cha tatu kilizunguka mara mbili tatu, kikasita, kisha katikati yake pakainuka kitu kama ute wa yai. Daktari aliinamisha kibao. Vile vingine vilimwagika palepale. Cha tatu kilivutika, kikaning'inia ukingoni, kikagoma.

"Huyu ndiye mwenye shida," alisema.

"Huyu? Daktari, huyu ndiye mzima kuliko wote."

"Sijasema anaumwa. Nimesema ana shida."

Niseme ukweli: tulikuwa tumemwita kwa ajili ya ng'ombe mwingine kabisa, aliyegoma kula tangu jana yake. Huyo alipimwa, maziwa yake yakamwagika yote kama maji, na kesho yake alikuwa amesharudi kwenye hori. Huyu wa kikombe cha tatu alipimwa kwa kuwa daktari alikuwa bado ameshika kibao mkononi. Ng'ombe mwenye manyoya yanayong'aa, anayeramba hori mpaka linabaki safi, ambaye sikumbuki siku aliyokataa kukamuliwa. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni kwa kidole: tazameni ng'ombe.

Siku chache baadaye majibu ya maabara yakaja. Staphylococcus aureus, bakteria anayeambukiza kiwele.

Ni wiki sita sasa, na bado ile sentensi ya daktari inanizunguka kichwani. Sijasema anaumwa. Nimesema ana shida.

## Ute wa nani?

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba ule ute ni bakteria wenyewe, wamejazana mpaka wameonekana kwa macho. Sivyo. Ile dawa kimsingi ni sabuni yenye rangi. Inapasua seli zilizomo ndani ya maziwa, na vinasaba vinavyomwagika humo vinashikana na kuwa vizito. Na seli hizo ni za ng'ombe mwenyewe, hasa chembe nyeupe za damu zilizokimbilia kwenye kiwele kupigana.

Kwa hiyo nilichokiona kikining'inia ukingoni mwa kikombe kilikuwa mabaki ya askari.

Robo ya kiwele isiyo na maambukizi kwa kawaida hutoa maziwa yenye seli zisizofika 100,000 kwa mililita. Zikipita 200,000, wataalamu huhesabu kuwa humo ndani pana vita. Lakini jicho halijui hesabu hiyo. Maziwa yenye seli nusu milioni kwa mililita yanaweza kuwa meupe, laini, bila donge hata moja. Kiwele hakivimbi, hakiwi cha moto, ng'ombe harushi teke ukimshika. Kinachopungua ni maziwa yenyewe, na yanapungua polepole kiasi kwamba kila siku unapata sababu nyingine ya kueleza: majani yamekauka, joto limezidi, mkamuaji alichelewa.

Kipimo hiki kipo tangu mwaka 1957. Kibao na sabuni, basi. Sikuwa na kisingizio.

## "Nani kakwambia amelala?"

Nilipompigia daktari kumuuliza la kufanya, nilianza kwa kumwonyesha kuwa nimeelewa. "Kwa hiyo huyu bakteria amelala humo ndani, siku ng'ombe akidhoofika ndipo ataamka. Sivyo?"

Akanyamaza kidogo. "Nani kakwambia amelala?"

Hakuna aliyeniambia. Ndivyo tunavyosema tu. Ugonjwa umelala. Ugonjwa umejificha. Ni lugha ya kupeana moyo: kitu kilicholala hakifanyi kazi, na ukitembea kwa kunyata hakitaamka. Nikagundua kwamba picha yote niliyokuwa nayo kuhusu mnyama mwenye bakteria bila dalili ilikuwa imejengwa juu ya neno hilo moja, na nilikuwa sijawahi kuliuliza swali.

Nikaanza kusoma. Usiku mwingi kuliko ulivyostahili, kama wa nyumbani wangekusimulia.

Ndani ya kiwele, Staphylococcus aureus ana shughuli nyingi. Anajishikiza kwenye kuta za vijitundu vinavyotengeneza maziwa. Anajenga utando wa kunata ambamo yeye na ndugu zake wanakaa pamoja, na dawa inapita juu yake kwa shida. Anaingia ndani ya seli za ukuta huo. Anaweza hata kubaki hai ndani ya chembe nyeupe ileile iliyommeza ili imuue. Mwili wa ng'ombe, ukiona umeshindwa kummaliza, unamzungushia ukuta wa kovu, na hapo panakuwa na kijipu kidogo kisichoonekana wala kupapaswa. Ukuta huo unawazuia bakteria wasisambae. Unaizuia na dawa isiwafikie.

Hapo nilisimama kidogo. Ngome ya bakteria imejengwa na ng'ombe.

Tena hatoki kila siku kwa kiwango kimoja. Leo anamwagika kwenye maziwa kwa maelfu, keshokutwa sampuli inarudi safi. Ndiyo maana majibu mazuri ya mara moja hayamtoi mtu wasiwasi. Na anapotoka, haendi mbali: mkono wa mkamuaji, kitambaa kilichofutia viwele viwili, mpira wa mashine ya kukamulia. Mikono yangu, yaani. Nilikuwa nikianza kukamua na yeye kila asubuhi kwa kuwa ndiye mpole.

## Watano kati ya sita

Katika kusoma nikajikuta Malta, mwaka 1905.

Askari wa Uingereza waliowekwa kisiwani walikuwa wakiteswa na homa inayopanda na kushuka kwa wiki na wiki. Bakteria wake alikuwa ameshajulikana: daktari wa jeshi, David Bruce, alimwona mwaka 1887 katika wengu wa askari waliokufa. Kilichokosekana ni mahali anapotoka. Tume nzima iliundwa. Wakachunguza vumbi, wakachunguza mbu, wakachunguza maji machafu.

Mjumbe mmoja wa tume hiyo, daktari wa hukohuko Malta aitwaye Themistocles Zammit, akapata mbuzi sita wa majaribio. Hakuwa akiwashuku. Alitaka kuwapa bakteria aone kama wataugua. Ila kabla ya kuwapa chochote alichukua damu yao aipime, ili ajue anaanzia wapi. Damu ya watano ikajibu kwamba inamfahamu bakteria huyo.

Tayari walikuwa naye.

Mbuzi hao walikuwa wazima kwa kila kipimo cha macho. Walikuwa wakipitishwa mitaani na kukamuliwa mlangoni kwa mteja, maziwa yakiwa bado na joto la mwili, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yao: unamwona mbuzi, unaona anavyong'aa, unaona maziwa yanavyotoka. Nani angeshuku? Walipopimwa wengi zaidi, karibu nusu walionekana wamewahi kuambukizwa, na kama mmoja katika kila kumi alikuwa akitoa bakteria kwenye maziwa. Mwaka 1906 maziwa ya mbuzi yakaondolewa kwenye mgao wa askari na mabaharia, na homa ikaporomoka.

(Baadaye Zammit alipata jina zaidi kwa kufukua mahekalu ya kale ambayo wakulima walikuwa wakilima juu yake. Sishangai hata kidogo.)

Nilichopenda katika kisa hiki ni mpangilio wake. Tume ilikuwa imewaona mbuzi kila siku. Bila shaka baadhi yao walikunywa maziwa hayo. Kilichowafanya wasiwatilie shaka ni ushahidi mzuri kabisa, yaani afya ya mbuzi wenyewe.

Bakteria huyo leo anaitwa Brucella, na wafugaji wanamjua kwa kazi yake ya kutupisha mimba. Lakini mimba inayotupwa ni tukio fupi katika maisha marefu. Siku zilizobaki anaishi ndani ya makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi na kuwayeyusha. Gamba lake la nje haliishtui kinga kama la bakteria wengine. Akishamezwa, anakwepa kifuko chenye tindikali alichokusudiwa, anajipenyeza hadi kwenye sehemu ya seli inayotengeneza protini, na anazaana humo kwa utulivu. Ng'ombe wengi wenye Brucella hutupa mimba mara moja tu, kisha huzaa ndama wa kawaida miaka inayofuata. Mfugaji anasahau. Bakteria anabaki kwenye tezi za juu ya kiwele, na maziwa yanaendelea kutoka. Kuna hata mitamba waliozaliwa na mama mwenye maambukizi ambao hupimwa damu na kuonekana safi, wanakua, wanapandishwa, ndipo mimba ya kwanza inawafichua.

Huyo naye hajalala. Ameajiriwa.

## Sentimita chache za mwisho

Kufikia hapa nilikuwa nimeshazoea picha ya bakteria anayejificha ndani ya mwili na mwili unaojaribu kumtafuta. Kisha nikakutana na wa utumboni, na picha hiyo ikavunjika.

Mwaka 1982 nchini Marekani watu waliharisha damu, na aliyepatikana ni aina ya E. coli ambayo hakuna aliyekuwa akiihesabu kuwa tatizo, O157:H7. Chanzo chake kikubwa ni ng'ombe. Ng'ombe aliyekomaa mwenye bakteria huyo haumwi kitu. Hana homa, haharishi, hapungui uzito.

Kwa miaka mingi watu walidhani bakteria ametawanyika kote katika utumbo wake mrefu. Mwaka 2003 watafiti wa Scotland walitazama kipande kwa kipande na kumkuta amejikusanya katika sentimita chache za mwisho za puru, karibu kabisa na njia ya haja, pale penye vijitezi vingi vya kinga. Fikiria hilo. Utumbo wa ng'ombe una makumi ya mita, na yeye kachagua mlangoni.

Namna anavyojishikiza imenikaa akilini kuliko yote. Seli ya utumbo haina mahali pa kumshika. Basi anatengeneza pa kushikia yeye mwenyewe: anaisukuma protini yake kupitia kitu kama sindano mpaka ndani ya seli, protini inajitokeza upande wa nje, naye anaishika. Ni mgeni anayekuja na kigingi chake, anakipigilia ukutani kwako, kisha anatundika mfuko wake hapo.

Na sumu yake je? Sumu ipo. Inahitaji kipokezi maalumu ili iingie kwenye mishipa midogo ya damu. Binadamu tunacho, na figo zetu zinacho kwa wingi. Ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kuanza na kuharisha akaishia kushindwa figo. Mishipa ya ng'ombe haina kipokezi hicho. Sumu inapita, haina pa kuingilia.

Sasa angalia lilivyokuwa swali langu. Nilikuwa nikiuliza: kinga ya mnyama huyu inafanyaje hata asiugue? Na jibu kwa bakteria huyu ni kwamba kinga haina sifa yoyote ya kupewa hapa. Kufuli halipo mlangoni. Bakteria hajashindwa kumuumiza ng'ombe. Ng'ombe hajashinda kitu. Wanaishi tu, kila mmoja na mambo yake, na sisi ndio tunaougua kwa ugomvi usiokuwapo.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea. Kisha nikajiuliza: na kama hakikuli?

Kundini kwenyewe si wote wanaotoa kwa kiwango kimoja. Wengi hutoa kidogo. Wachache, kwa muda fulani, hutoa zaidi ya bakteria 10,000 katika kila gramu ya kinyesi, na hao wachache ndio wanaowaambukiza wengi wa wenzao. Ukisimama mbele ya zizi huwezi kumchagua. Anacheua kama wengine.

## Kuku waliosemekana hawajali

Kwa Campylobacter nilikuwa na uhakika. Kila nilichosoma mwanzoni kilisema lilelile: huyu ni mkazi wa kawaida wa utumbo wa kuku, hana madhara kwake, tatizo ni letu tunapokula nyama ambayo haijaiva. Vifaranga kwa wiki mbili za mwanzo huwa hawana, kwa sehemu kwa sababu ya kinga waliyopewa na mama kupitia yai. Akiingia bandani, ndani ya siku chache karibu kundi lote linaye, na kila gramu ya uchafu wa utumbo kipofu inaweza kubeba mamilioni, hata mamia ya mamilioni. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 au 42, na yeye hilo ndilo joto analolipenda. Anaogelea ndani ya ute wa utumbo na kula vijenzi vya protini. Sukari ya glukosi wengi wao hata hawaiwezi.

Kwa binadamu kiasi kidogo kinatosha. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Uingereza alichapisha matokeo ya jaribio alilojifanyia mwenyewe: alikunywa maziwa aliyotia bakteria wapatao 500, akaugua. Sijui nimsifu au nimwombee.

Basi nikaandika kwenye daftari: kuku, hana habari.

Wiki moja baadaye nikafuta.

Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walilinganisha aina kadhaa za kuku wa nyama, wakitazama zaidi ya "anakula au hali". Walitazama ukuta wa utumbo, walitazama kinga inavyojiwasha na kujizima, walitazama nyayo. Katika baadhi ya kuku wanaokua haraka, uvimbe wa utumbo haukutulia kama ilivyotegemewa. Kinyesi kikawa cha majimaji, matandiko yakalowa, na kuku anayesimama juu ya matandiko yaliyolowa anapata vidonda vya nyayo. Kila mfugaji ameviona vidonda hivyo. Vinaandikwa kwenye safu ya unyevu wa banda.

Wataalamu bado wanavutana kuhusu hili, kwa kuwa mengi yanategemea aina ya kuku na aina ya bakteria. Lakini kwangu liliniharibia neno jingine. "Bila dalili" lina mtu ndani yake. Ni nani aliyetazama, alitazama nini, na kwa muda gani? Mimi nilimtazama ng'ombe wangu kila siku kwa miaka. Nilitazama manyoya.

## Anayesubiri kweli

Nisije nikaonekana nimelikataa neno "kulala" kwa ushabiki. Wapo wanaokaribia.

Salmonella aina ya Pullorum huwaua vifaranga kwa wingi katika siku zao za mwanzo. Jike anayenusurika anakua, ananawiri, na bakteria wachache wanabaki kwenye makrofaji za wengu wake kwa miezi. Hawasumbui. Kisha anakomaa, anakaribia kutaga, homoni zinabadilika, na kwa kipindi kifupi sehemu ya kinga yake inalegea. Bakteria wanaongezeka, wanasafiri hadi kwenye ovari na mrija wa mayai, na wanaingia ndani ya yai. Kifaranga kijacho kinaanguliwa nao.

Ukiniuliza, hiyo ni subira yenye saa. Amepanga safari yake kwa kalenda ya kuku.

Njia iliyowapunguza katika mashamba makubwa inafanana mno na ya Zammit. Marekani ilianzisha mpango wa taifa mwaka 1935: toa tone la damu la jike anayetaga, changanya na bakteria waliouawa, tazama kama yanagandana, na akionekana anaye, mtoe kwenye kundi la kuzalisha. Walitafutwa kati ya wazima. Vifaranga waliokuwa wakifa walikuwa barua tu. Mwandishi alikuwa ametulia juu ya kiota.

Nguruwe nao wana kisa chao. Salmonella hubaki kwenye tezi za koo na za utumbo bila kuonekana hata kwenye kinyesi, kisha nguruwe wanapakiwa kwenye gari, wanasukumwa, wanasafirishwa, wanachanganywa na wageni na kusubirishwa. Hofu hiyo yenyewe inawaamsha bakteria. Aliyetoka shambani akiwa hatoi kitu anafika akiwa anatoa. Unaweza kumpima kwa uaminifu kabisa asubuhi, na jioni jibu lako likawa la uongo.

Na yupo anayelala kwa maana yake kamili. Mwaka 1944 Joseph Bigger, daktari wa Ireland, aliwamwagia Staphylococcus penisilini na kukuta wachache sana wanabaki hai, kama mmoja katika milioni. Alipowaotesha upya, kizazi chao kikafa kwa dawa ileile kama kawaida. Hawakuwa sugu. Walikuwa wamezima shughuli zao wakati dawa inapita, na dawa kama penisilini huua anayejenga ukuta, asiyejenga haimpati. Leo tunajua kwamba Salmonella anapomezwa na makrofaji naye hutoa walalaji wa namna hiyo.

Kwa hiyo daktari wangu alikuwa sahihi, nami sikuwa nimekosea kabisa. Baadhi wamelala. Ila wamelala pembeni ya ndugu zao wanaofanya kazi, ndani ya kiwele kimoja, kwa wakati mmoja.

## Niamueje?

Hapa ndipo nilipokwama, na ndipo nilipo bado.

Staphylococcus aliyekaa muda mrefu hatoki kwa urahisi. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi kwa ng'ombe mwenye umri mdogo, maambukizi yakiwa mapya, robo ikiwa moja na seli zikiwa hazijapanda sana. Wangu amezaa mara nne. Robo ni moja, hilo ni jema. Lini aliambukizwa, hakuna ajuaye. Daktari alishauri tusubiri wakati wa kumkausha, yaani kuacha kumkamua kabla hajazaa tena, dawa iwekwe humo na ikae kwa wiki kadhaa bila kukamuliwa nje. Kisha tupime. Ikishindikana, aliniambia kwa upole, kuna uamuzi ambao wafugaji hawapendi kuusikia.

"Kumuondoa?"

"Kumuondoa, ndugu yangu."

Kumuondoa mnyama asiyeumwa. Nilijaribu kuwaeleza wa nyumbani na nikajiona ninavyogugumia. Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kwani anakataa kula?" Nikasema hakatai. Akarudi kwenye shughuli zake.

Sikuwa na jibu bora kuliko swali lake. Tumefundishwa kumtambua mgonjwa kwa kula na kutokula, na kwa magonjwa mengi fundisho hilo limetufaa. Kinachonisumbua ni kwamba linafanya kazi kama chujio. Anayeumwa waziwazi anatibiwa, anatengwa, au anakufa. Bakteria anayeumiza haraka anapoteza makazi haraka. Miaka inapita, na anayebaki kundini ni yule asiyegusa hamu ya kula. Sisi wenyewe, kwa macho yetu mazuri, tumekuwa tukimchagua bakteria mtulivu.

Kuna ugonjwa wa utumbo wa ng'ombe unaoitwa Johne, uliopewa jina la mtaalamu wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1895. Ndama huambukizwa akiwa bado ananyonya, na mara nyingi hukaa miaka miwili hadi mitano kabla ya kuanza kukonda. Katikati hapo vipimo vingi havimwoni. Siku unapomwona mmoja aliyekonda, wapo wengine kadhaa nyuma yake waliokwishaambukizwa, na pengine ndio unaotegemea maziwa yao. Nilisoma hilo usiku mmoja, nikafunga kompyuta, nikatoka nje na tochi kwenda kuwatazama. Upuuzi mtupu, najua. Nilikuwa nimetoka kusoma kurasa nzima kwamba kutazama hakusaidii.

Walikuwa wamelala wote. Ng'ombe, namaanisha.

## Kikombe cha tatu tena

Juzi daktari alirudi. Kibao kilekile, dawa ileile. Nilimwomba nishike mimi.

Nikakamulia kidogo katika kila kikombe, nikaongeza dawa, nikaanza kuzungusha. Cha kwanza, maji. Cha pili, maji. Cha nne, maji. Cha tatu nacho kilizunguka tu, na nilipoinamisha kikamwagika pamoja na vingine, isipokuwa kwamba kilichelewa, kama nusu ya sekunde, na kwenye ukingo pakabaki uzi mwembamba uliokatika kabla sijausogeza machoni.

"Umeuona?" nikamuuliza.

"Nimeuona."

"Ni kitu?"

Akachukua kibao, akakisuuza, akatikisa mabega. "Chukua sampuli ipelekwe tena maabara. Na wiki mbili zijazo tuchukue nyingine."

Asubuhi ya leo nilikamua wengine wote kwanza. Yeye hakuelewa. Alisimama mahali pake pa kila siku, pa kwanza karibu na mlango, akawa anageuza kichwa kila ndoo ilipompita. Nilipomfikia mwisho alikuwa ameshaanza kudondosha maziwa yenyewe, robo zote nne, matone meupe yanayofanana juu ya sakafu. Nikanawa mikono, nikachukua kitambaa chake peke yake, nikaketi.

Hakurusha teke.